Kalenda ya M'Cheyne ya kusoma Biblia: maoni ya muuguzi wa zamu

Nianze na hukumu, kwa sababu anayetafuta maoni ya namna hii kwa kawaida hana muda. Kalenda hii ni nzuri, ichukue, ila chukua nusu yake na tarehe ziache. Ukiibeba nzima kama ilivyochapishwa, na siku zako zina mbio kama za wengi wetu, itakuelemea kabla ya Pasaka, na juu ya ukavu wa kiroho uliokuwa nao utajiongezea deni. Ukiichukua nusu inakurudisha kwenye Neno taratibu, na ukisharudi kwenye Neno hata maombi yanaanza kupata la kusema. Kwangu imekuwa hivyo, ndiyo maana nitaieleza kwa kirefu.

Kwa asiyeifahamu, ni karatasi tu. Ina safu nne za sura za Biblia, siku baada ya siku, kuanzia tarehe 1 Januari hadi 31 Desemba. Ina umri wa zaidi ya miaka 180, haimilikiwi na mtu, na unaipata bure mtandaoni, iwe ya kuchapa au ndani ya programu za Biblia za simu. Haina maelezo, haina tafakari ya mtu, haina maswali ya kujibu chini ya ukurasa. Inakuambia leo soma sura hizi, basi.

Mimi ni muuguzi wa wodini. Nafanya kazi kwa zamu, nina watoto nyumbani na mzazi mzee ambaye jioni haipiti bila kumpigia simu. Nayataja haya ili msomaji ajue nimeipima kalenda katika maisha ya aina gani. Ukavu wa mtu mwenye shughuli si sawa na wa mtu aliyeiacha imani. Kanisani unaenda. Sadaka unatoa. Ukiombwa kufungua kikao kwa sala unafungua, na maneno yanakuja yenyewe kwa kuwa umeyasema miaka mingi. Kilichopoa ni kile ambacho watu hawakioni, yaani mazungumzo yako na Mungu mkiwa wawili tu. Usiku unapiga magoti kando ya kitanda, usingizi unakupitia hujafika kwenye amina. Biblia inakaa kwenye mkoba Jumapili hadi Jumapili. Na hakuna wa kukuuliza, maana kwa nje mambo yote yanakwenda.

Hamu ya kurudi ilikuwepo. Kilichokuwa kinanikwamisha ni kitu kidogo mno hata kukieleza naona shida: nikipata robo saa ya utulivu, nusu yake ilikuwa inaishia kwenye kutafuta pa kusoma. Nifungue Warumi? Nimalizie Isaya? Mwisho wake ni Zaburi ya 23, ambayo naijua kwa kichwa, halafu simu inaita. Nilipokuja kusoma barua ambayo mtunzi, M'Cheyne, aliiambatanisha na kalenda yake, nikakuta jambo hilihili ameliweka miongoni mwa faida: muda hautapotea katika kuchagua cha kusoma. Mtu wa karne ya 19, hajui simu wala zamu, lakini alikuwa anawafahamu watu wake.

Robert Murray M'Cheyne alikuwa mchungaji wa kanisa la St Peter's mjini Dundee, Uskoti. Mwishoni mwa mwaka 1842 aliwaandalia washirika wake kalenda hii ili waanze nayo wote pamoja mwaka 1843. Machi ya mwaka huohuo akafariki kwa homa, akiwa na umri wa miaka 29. Hakuwaongoza katika kalenda ile hata robo ya mwaka. Kila ninapoiona karatasi hii nalikumbuka hilo, na linanisaidia kutoigeuza mashindano ya kumaliza.

Hesabu yake imekaa hivi. Biblia ya Kiprotestanti ina sura 1,189, yaani 929 za Agano la Kale na 260 za Agano Jipya. (Mkatoliki atakuta Tobiti, Yudithi, Wamakabayo na wenzake hawamo, itabidi awaongeze mwenyewe.) M'Cheyne alitaka Agano la Kale lisomwe mara moja kwa mwaka, Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Chukua 929, ongeza 520, ongeza Zaburi 150 za mzunguko wa pili, unapata 1,599. Gawa kwa siku 365, ni sura nne na kidogo kila siku. Ndiyo maana kuna siku safu moja inabeba sura mbili fupi, na Zaburi ya 119, yenye mistari 176, imekatwakatwa ili isomwe kwa siku kadhaa.

Hapa kuna jambo ambalo mtumiaji mpya anapaswa kulijua kabla ya kitu kingine. Toleo nililoanza nalo kwenye simu liliziorodhesha sura zote nne mfululizo, kana kwamba ni kazi ya mtu mmoja kwa kikao kimoja. Kwenye karatasi ya asili safu zimegawanywa mbilimbili: mbili za kwanza ni za familia, mbili za mwisho ni za faragha. Ukiliona hilo kalenda nzima inabadilika sura. Mzigo ulikuwa umekusudiwa kubebwa na nyumba, sebuleni na chumbani, asubuhi na jioni. Anayeishi peke yake, au ambaye watu wa nyumbani kwake hawana habari na mambo haya, hana sababu ya kubeba safu za familia juu ya zake.

Mimi nilichukua safu za faragha, na sasa nieleze nilichokikuta humo, maana thamani ya kalenda hii naiona katika jinsi vitabu vilivyopangwa viende bega kwa bega.

Tarehe 1 Januari unafungua vitabu vinne kwa pamoja: Mwanzo 1, Mathayo 1, Ezra 1, Matendo 1. Vyote vinaanza kitu. Dunia inaumbwa, Kristo anazaliwa, Wayahudi wanaruhusiwa kutoka uhamishoni Babeli kurudi kwao, na kanisa linangoja Roho. Safu za faragha ni Ezra na Matendo. Kusema kweli sikumtarajia Ezra. Kwa mtu aliyepoa ningedhani angepewa kwanza Injili ya Yohana au Zaburi. Lakini Ezra ni kitabu cha watu wanaorudi nyumbani baada ya kukaa mbali muda mrefu, na wanakuta pamekuwa magofu.

Siku ya pili ni Ezra 2, sura ambayo watu wengi huiruka kwa sababu ni orodha ya majina na idadi tangu juu hadi chini. Binti yangu alinikuta napiga pasi sare huku simu ikiisoma kwa sauti. Akasimama mlangoni. Wana wa Paroshi, elfu mbili mia moja sabini na wawili, wana wa Shefatia, mia tatu sabini na wawili, na kuendelea.

"Mama, hayo mahudhurio ya darasa gani?"

Nikamwambia asubiri kidogo. Wakaja farasi 736, nyumbu 245, ngamia 435, punda 6,720. Akaja akaketi kitandani.

"Mpaka punda wamehesabiwa?"

"Mpaka punda, mwanangu."

Tukarudia sehemu ile. Jumla ya watu waliorudi ilikuwa 42,360, mbali na watumishi wao. Hawa hawajajenga chochote bado. Hawajatoa dhabihu hata moja, hawajaimba wimbo. Wamerudi tu, na tayari wameandikwa jina kwa jina, ukoo kwa ukoo. Mimi ambaye nilikuwa naona haya kusema nimerudi kabla sijawa na la kuonyesha, sura ile ilinifariji kuliko mahubiri mengi. Na siku hiyohiyo safu ya pili ya faragha inakupa Matendo 2, watu wapata elfu tatu wanaongezeka kwa siku moja, kisha mstari wa 42 unaeleza wakadumu katika nini: fundisho la mitume, ushirika, kuumega mkate na kusali. Mambo manne, yote ya kila siku.

Siku ya tatu ndiyo iliyoniingia zaidi. Ezra 3 inasimulia kwamba waliporudi Yerusalemu walianza na madhabahu. Hekalu lilikuwa halijajengwa. Sura yenyewe inasema hata msingi wake ulikuwa haujawekwa, na watu walikuwa na hofu ya majirani waliowazunguka. Katikati ya kifusi na hofu wakasimamisha madhabahu, wakaanza kutoa sadaka za asubuhi na jioni. Sisi wenye shughuli tunafanya kinyume. Tunasema watoto wakikua kidogo, mkopo ukiisha, nikihamishwa zamu ya usiku, hapo nitatulia na Mungu. Tunangoja hekalu likamilike ndipo tuweke madhabahu. Tangu nisome sura ile nimeacha kungoja nyumba inyamaze. Naomba kukiwa na kelele, vyombo havijaoshwa, na hakuna kilichokaa sawa.

Kufikia tarehe 11 Januari Ezra amekwisha na Nehemia anaanza. Ana kazi ya ikulu, ni mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi, na habari za kuta zilizobomoka zinamfikia akiwa kazini. Ukisoma na safu za familia utaona siku hiyo pia kuna Mathayo 11, yenye ule mwaliko wa Yesu kwa wasumbukao na wenye kulemewa na mizigo. Kesho yake ni Nehemia 2. Mfalme anamuuliza unataka nini, na kabla ya kujibu Nehemia anamwomba Mungu wa mbinguni, halafu anamjibu mfalme. Sala hiyo ilitoshea kati ya swali na jibu. Hatujaambiwa alisema maneno gani. Haikuwezekana yawe mengi. Mfalme amekaa pale anangoja. Lakini sura ya kwanza inaonyesha kwamba mtu huyu alikuwa ameshafunga, amelia na kuomba kwa siku nyingi. Sala fupi ya ikulu ilitoka katika sala ndefu ya chumbani.

Hili nimelipeleka kazini moja kwa moja. Kunawa mikono kwa sabuni na maji, kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, huchukua sekunde 40 hadi 60, kuanzia kulowesha mpaka kukausha. Kiganja kwa kiganja, mgongo wa mkono, katikati ya vidole, kidole gumba, ncha za kucha. Muuguzi anafanya hivyo mara nyingi mno katika zamu moja, na kwa miaka muda ule nilikuwa nautumia kupanga kazi inayofuata. Sasa nautumia kumtaja mgonjwa ninayemwendea. Kwa jina, kimoyomoyo, na jambo moja tu ninaloliomba kwa ajili yake: huyu apate usingizi, huyu hofu ya upasuaji impungue, huyu mwanawe aje kumtazama. Kisha nafunga bomba. Sijaongeza hata dakika moja kwenye ratiba yangu, na wagonjwa hawajui. Ila mimi najua kwamba naingia kwenye pazia lao tofauti na nilivyokuwa naingia. Kama kalenda hii isingenipa kingine chochote zaidi ya Nehemia 2, ningeipendekeza kwa hilo peke yake.

Sasa kasoro, na kubwa kuliko zote ni tarehe.

Mtu wa zamu ya usiku anaingia kazini leo anatoka kesho. Sura za "leo" ni zipi? Ukirudi nyumbani asubuhi umechoka, ukilala hadi alasiri, ukiamka kalenda imeshavuka. Si sisi wauguzi peke yetu. Mama mwenye mtoto mchanga yumo, dereva wa masafa marefu yumo, na mwanafunzi wa wakati wa mitihani. Ukikosa siku moja una sura nane, ukikosa tatu una kumi na sita, na hapo unaanza kusoma haraka ili ulipe. Nimewahi kuisikiliza sura nzima ya Matendo kwa mwendo wa kulipa, nikafika mwisho bila kujua nani alikuwa gerezani. Programu niliyoitumia ilizidisha hilo: inakuwekea rangi nyekundu kwenye siku ulizoruka na idadi ya siku ulizochelewa, na arifa inakuja palepale unapokabidhi zamu. Nilizima arifa, kisha nikarudi kwenye karatasi.

M'Cheyne mwenyewe aliliona hili likija, na hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Barua yake inaanza na hatari za kalenda ndipo ije kwenye faida. Anataja kusoma kwa mazoea tu. Anataja mtu kujiona mwenye haki kwa kuwa amemaliza sehemu yake ya siku. Anataja kusoma ovyo bila kutetemeka mbele ya Neno. Na anataja kwamba kwa wengine kalenda itakuwa nira nzito isiyobebeka. Kwa hao anasema waitupe pingu hiyo, wakale kwa uhuru katika bustani ya Mungu. Ruhusa ya kuacha tarehe, kwa hiyo, imetolewa na mtunzi mwenyewe, na inasikitisha kwamba watu wengi wanaipata kalenda bila ile barua. Ukiichapa, itafute na barua uziweke pamoja.

Ninavyofanya mimi ni kuweka alama ya penseli kwenye mstari niliousoma, na nikikaa tena naanza mstari unaofuata, iwe ni kesho au ni baada ya zamu zote za usiku kwisha. Safu za faragha hazitamalizika ndani ya mwaka kwa mwendo huu, na sina wasiwasi. Katika Marko 6 mitume wanarudi kutoka kazini, watu ni wengi wanaokuja na kwenda hata nafasi ya kula hawana, na Yesu anawaambia waende faragha wapumzike kidogo. Wanapanda mashua. Umati unakimbia kwa miguu, unawatangulia. Mapumziko yakavunjika hapohapo, ikabidi Yesu afundishe, kisha wanaume elfu tano walishwe. Lakini jioni ilipofika Yesu aliwatanguliza wanafunzi kwenye mashua, akauaga umati, akapanda mlimani kuomba. Muda wa faragha ulikatizwa, akautafuta tena siku ileile. Sioni mahali alipolipa deni. Aliendelea tu pale alipokatizwa.

Kasoro ya pili ni Walawi. Sehemu kubwa ya Aprili katika safu ya kwanza ni Walawi, na mtu aliyeanza Januari kwa moto huzimikia hapo. Kwa bahati nzuri safu ya pili wakati huo ni Zaburi. Ushauri wangu, usiisome Walawi bila Zaburi yake ya siku. Ukisoma maelekezo ya dhabihu peke yake unaona damu na mafuta. Ukiyasoma pamoja na Zaburi unaanza kumsikia mtu aliyekuwa amesimama pale na mnyama wake, anamlilia Mungu, anashukuru au anatubu. Tumefanya hivi nyumbani siku za mapumziko, kila mtu mistari michache, na watoto waliuliza maswali ambayo sikuweza kuyajibu. Hilo si jambo baya. Faida mojawapo aliyoiandika M'Cheyne ni kwamba wazazi watakuwa na jambo la kuwauliza watoto kila siku. Kwetu imekuwa wao ndio wanaotuuliza.

Kuhusu kusikiliza badala ya kusoma, maana najua swali hilo litakuja. Mimi nasikiliza sana, njiani na jikoni. Mtu akikuambia kusikiliza si kusoma, mkumbushe Nehemia 8: watu walisimama tangu alfajiri mpaka adhuhuri wakisikia Torati ikisomwa, na hakuna hata mmoja aliyeshika nakala yake. Barua za Paulo nazo zilisomwa kwa sauti mbele ya makanisa. Ila sikio lina mipaka yake. Masimulizi yanaingia vizuri sana, yaani Mwanzo, Ezra, Nehemia, Matendo. Sauti ya msomaji mzuri inakuonyesha mambo ambayo jicho linayapita. Mithali kwa sauti ni hasara, kwa sababu kila mstari ni neno zima linalotaka usimame, na msomaji hasimami. Sura ya mistari 30 inapita kama upepo. Warumi na Waebrania vilevile, hoja zake ni ndefu, ukipoteza "kwa hiyo" moja umepotea. Kwa hiyo vitabu hivyo naviweka kwa siku za mapumziko, kwenye karatasi, na kalamu mkononi. Kwa kasi ya kawaida, sura mbili za masimulizi ni kama dakika kumi hivi za kusikiliza. Usiongeze kasi ya programu.

Toleo la Biblia pia lina uzito wake. Union Version ya mwaka 1952 ndiyo niliyokulia, ndiyo iliyo moyoni, na kwa Zaburi siibadilishi na nyingine. Lakini ilikuwa imezoeleka mno masikioni mwangu, kiasi kwamba mistari inapita bila kunigusa. Habari Njema, kwa Kiswahili chake cha karibu zaidi, ilinisimamisha mahali pengi kwenye Matendo na barua. Aliyepoa ningemshauri abadilishe toleo kwa muda, hata kama atarudi kwenye lile la zamani baadaye.

Kuna ambayo kalenda haifanyi, na msomaji asiidai. Haiombi kwa niaba yako. Haikupeleki kwa ndugu uliyekosana naye. Haikuambii ni zamu gani ya ziada uikatae ili upate siku ya kupumzika, na kwa wengi wetu hilo ndilo lenye maamuzi magumu kuliko sura nne. Mimi ilibidi niongee na msimamizi wangu ili Jumapili moja kati ya mbili iwe yangu, mazungumzo niliyoyaogopa kwa muda mrefu na ambayo yalikwisha vizuri. Haitoi ushirika pia, ingawa inaweza kuuchochea: mwenzangu wa wodi moja anasoma safu zilezile, hatuna kikundi wala ratiba, lakini wakati wa kukabidhiana zamu huniuliza, "Umefika wapi, dada?" Nikimjibu "Nehemia 6," anaelewa, na wakati mwingine anasema neno moja juu yake tukiwa tunahesabu dawa. M'Cheyne aliandika kwamba kusoma sura moja siku moja kutaimarisha kifungo cha upendo kati ya waumini. Kwetu siku zenyewe hazilingani, na bado kifungo kipo.

Kwa kulinganisha na njia nyingine nitapita haraka. Mipango ya kusoma Biblia kwa mfuatano wa matukio inafaa kwa anayetaka kuelewa historia, ila unakaa miezi bila kukutana na Injili, na mtu mkavu hahimili hilo. Vitabu vya tafakari fupi vya kila siku vina msaada, lakini mara nyingi unaondoka na mawazo ya mwandishi kuliko maneno ya Maandiko yenyewe. Waanglikana wana mgawanyo wa zamani wa Zaburi zote 150 kwa siku 30, asubuhi na jioni, na Wakatoliki wana Masifu, yaani sala za vipindi vya siku, yanayozungusha Zaburi kwa wiki nne. Hizi zote mbili ni hazina kwa anayetaka kuomba zaidi ya kusoma, na hazihitaji uwe padre au mtawa.

Naipa nyota nne. Nyota ya tano ingekuja kama tarehe zingeondolewa na barua ya mtunzi ikaambatanishwa kwenye kila nakala.

Ukitaka kuianza, usingoje Januari. Chapa karatasi, anza na Ezra 1 na Matendo 1 hata kama ni mwezi wa Agosti, na weka alama ya penseli. Acha safu za familia mpaka za faragha zizoeleke. Chagua kazi moja unayoifanya kwa mikono kila siku na ambayo haihitaji mawazo, uifanye kuwa mahali pa sala fupi. Na kama uko katika msiba, au umechoka kiasi kwamba hata sura mbili ni mlima, weka kalenda pembeni kabisa uchukue Zaburi moja kwa siku. Anza na ya 13, ina mistari sita tu, na mwandishi wake anamuuliza Mungu mara nne "hata lini" kabla hajasema neno la kusifu.